Rangi Si Kigezo cha Mafuta ya Giaboksi

Mwalimu aliyejinyima kwa miaka mingi, akakopa katika chama chake cha akiba na mikopo, na hatimaye akanunua gari lililokwisha kutumika Japani, ana haki ya kulifurahia gari lake. La kusikitisha ni kwamba gari kama hilo laweza kuonekana likikokotwa kwa kamba katika barabara ya Kisian, Bondo hadi Usenge, injini yake ikiwa nzima lakini giaboksi imekufa. Lawama hutupiwa mashimo ya barabarani au Wajapani, ilhali mara nyingine mwuaji alitoka katika chupa ya mafuta iliyonunuliwa dukani kwa nia njema kabisa.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba mafuta yote mekundu ya giaboksi za otomatiki ni mamoja. Imani hiyo ni potovu. Wekundu ni rangi iliyotiwa tu, ili mafuta hayo yakivuja yasidhaniwe kuwa oili ya injini. Mafuta ya Toyota yaitwayo T-IV ni mekundu, na yale yaitwayo WS ni mekundu vilevile. Lakini WS ni mepesi zaidi, na kampuni yenyewe hairuhusu moja litumiwe mahali pa jingine.

Yafaa ikumbukwe kwamba kazi ya mafuta haya si kulainisha vyuma pekee. Ndiyo yanayopitisha nguvu kutoka kwa injini, yanayozikaza klachi zilizo ndani ya giaboksi, na yanayoondoa joto. Yakiteleza kupita kiasi, klachi huungua. Yasipoteleza vya kutosha, gari hushtuka kila linapobadili gia. Kipimo hicho ni kigumu kukipata, hata viwanda vya Marekani vilikuwa vikichanganya humo mafuta ya nyangumi. Sheria za kulinda wanyama zilipoizuia biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakemia walilazimika kubuni viungo vingine. Mwanafunzi wa kemia na auone hapo mfano wa somo lake likifanya kazi barabarani.

Kosa la pili ni kuchagua mafuta kwa kufuata jina la gari. Jina halitoshi. Toyota Wish ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 2003, ilikuwa na giaboksi ya otomatiki ya gia nne ikiwa na injini ya lita 1.8, lakini ile ya lita 2.0 ilikuwa na giaboksi ya mkanda, ambayo mafundi huiita CVT. Probox nayo, gari lipendwalo mno katika barabara zetu, ilianza mwaka wa 2002 ikiwa na gia za kawaida, kisha ikapewa CVT mwaka wa 2014. Katika CVT, mkanda wa chuma hukamata magurudumu mawili ya chuma. Ukiweka humo mafuta ya otomatiki ya kawaida, mkanda waweza kuteleza, ukazikwaruza nyuso hizo, na giaboksi ikaharibika kabisa.

Basi afanyeje mwenye gari? Asome. Kitabu cha gari mara nyingi huja kwa Kijapani, au hakiji kabisa. Lakini kibati cha chuma kilichopigiliwa karibu na injini au kwenye nguzo ya mlango hubaki. Humo pameandikwa alama ya giaboksi. Kwa Toyota, alama inayoanza kwa K, kama vile K310, aghalabu ni ya CVT. U340E ni otomatiki ya gia nne. Alama hiyo ndiyo ya kumpelekea muuza mafuta, naye aonyeshe jina la mafuta hayohayo kwenye chupa.

Kubadilisha nako kuna utaratibu wake. Gari liegeshwe mahali palipo tambarare. Mafuta yanayotoka yapimwe, na kiasi hichohicho kirudishwe, kwa kuwa sehemu kubwa hubaki ndani na haitoki kwa kufungua nati ya chini. Mafuta yakiwa meusi na yananuka kuungua, au bakuli la chini likiwa na vipande vya chuma, hiyo ni dalili ya ugonjwa ambao mafuta mapya hayatauponya. Machafu yasimwagwe mtaroni, kwani mvua itayachukua hadi ziwani tunakovua samaki.

Bondo ni makao ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichopata hati yake mwaka wa 2013. Mji wenye taasisi kama hiyo haustahili kuchagua mafuta kwa kubahatisha. Walimu wa fizikia na wawapeleke wanafunzi kwa mafundi wa jua kali, si kuwacheka bali kusoma nao vibati hivyo. Fundi ana mikono na uzoefu; mwanafunzi ana macho ya kusoma. Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya giaboksi ni dakika chache za kusoma kabla chupa haijafunguliwa.