Kabla ya kuzalisha mbwa nyumbani, tufikiri watoto wa avenyu yetu



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya mbwa. Tunajua wengine watasema: "Sisi tuko na shida ya minervali na bei ya unga, na walimu hawa wanatuletea habari ya mbwa!" Vumilieni kidogo. Habari hii inagusa watoto wetu, na inagusa pia makuta ya nyumba.

Siku moja ya kwanza ya juma, mtoto mmoja wa darasa la nne hakufika shuleni. Tulipouliza, tukaambiwa ameumwa na mbwa kwenye mkono. Alikuwa mbwa mdogo wa miezi mitatu hivi, aliyenunuliwa kwa jirani wa avenyu hiyo hiyo. Nyumbani walimfunga mtoto jiwe jeusi juu ya kidonda, wakangoja. Siku ya tatu mbwa akafa.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Mama wa mtoto alikimbia kwa jirani aliyemuuzia: "Dada, mbwa huyu alichanjwa?" Jirani akanyamaza. Mama yake mbwa je, alichanjwa? Hapana. Hakukuwa na karatasi hata moja. Hakuna aliyeweza kusema kama mbwa alikuwa na kichaa au aliuawa na ugonjwa mwingine. Kwa kuwa hakuna aliyejua, ilibidi mtoto atibiwe kama vile kichaa kipo. Kituo cha afya cha karibu hakikuwa na dawa. Familia ilikopa, ikazunguka mjini siku mbili, ikapata. Mtoto yuko mzima leo, tunamshukuru Mungu. Lakini deni lilibaki, na wamama wawili waliokuwa wakiombana chumvi wakawa hawasalimiani. Ilibidi sisi wa shirika tukae nao mara mbili ndipo wapatane.

Yule jirani si mtu mbaya. Aliuza watoto wa mbwa ili alipe shule ya watoto wake. Nani kati yetu hamwelewi?

Kwa nini tunazalisha mbwa

Hapa Bukavu, usiku una mambo yake. Wezi wakipita, mbwa anabweka na nyumba inaamka. Kwa hiyo watu wanatafuta mbwa, hasa wale wakubwa wa berje wenye masikio yaliyosimama. Familia yenye jike inaona kwamba kila anapozaa, kuna kitu cha kuuza. Mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na mara nyingi hupata joto mara mbili kwa mwaka. Akizaa watoto sita kila mara, ni kumi na wawili kwa mwaka. Wakiwa majike matatu kwenye avenyu moja, ni watoto 36. Je, wote watapata nyumba? Wale wasionunuliwa tunawaona kila asubuhi kwenye takataka za soko, na wao pia watazaa.

Hatari zinazoingia ndani ya parseli

Ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unaua. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu watu wote wanaoupata hupewa na mbwa, na kati ya watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Mtoto hucheza na mbwa uso kwa uso, humvuta mkia, humnyang'anya chakula. Akiumwa, mara nyingi huficha kwa kuogopa kupigwa.

Mara nyingi chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akifika miezi mitatu. Kabla ya hapo, kinga yake ni mama aliyechanjwa na mlango uliofungwa. Ukimtoa akiwa na majuma manne, akaenda kulala nje kwa watu wasiojua, umemtoa bila kinga yoyote.

Ya pili ni minyoo. Minyoo ya mbwa hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wake wangali tumboni, na tena katika maziwa. Mavi yao yakibaki uani, mayai ya minyoo huingia udongoni na kukaa muda mrefu. Mtoto wetu anayecheza chini na kutia vidole mdomoni huyameza. Vijidudu vyake vinaweza kufika kwenye ini, mapafu, hata macho. Kwenye parseli zetu za Kadutu, ambako uwa mmoja ni njia ya nyumba tatu, mavi ya mbwa wa mtu mmoja ni shida ya wote.

Ya tatu ni ugonjwa wa kuhara damu unaoitwa parvo. Huu haumshiki mtu, lakini huua watoto wa mbwa kwa siku chache, na virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi. Anayenunua mbwa asiyechanjwa anaweza kumzika kabla ya juma kwisha. Hapo ugomvi wa kurudishiana makuta unaanza.

Ya nne ni mateso ya jike mwenyewe. Kuna wanaompandisha kwenye joto la kwanza, wakati yeye mwenyewe bado mtoto. Kuna wanaompandisha kila joto bila kumpumzisha, huku anakula maganda ya bugali na vichwa vya sambaza. Huyo hukonda, maziwa hukauka, na wengine hufa wakizaa. Tena, kwa kukosa dume, wengine humwacha kaka ampande dada, au baba ampande binti. Watoto huzaliwa dhaifu au na kilema. Na mbwa aliyetengwa na mama yake mapema, akafungwa kamba mchana kutwa, mara nyingi hukua na woga. Mbwa mwenye woga ndiye anayeuma.

Mtoto akiumwa, tufanye nini?

Tuoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Tusipake pilipili, mafuta wala majani; tusitegemee jiwe jeusi. Kisha twende kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, na tumalize sindano zote tutakazopangiwa. Mbwa asiuawe kwa hasira. Kama inawezekana bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku kumi, na daktari wa mifugo ajulishwe. Na tuwaambie watoto wetu leo: ukiumwa, sema, hutapigwa.

Kabla ya kuzalisha, tujiulize

Je, jike wetu amefika miaka miwili, na amechanjwa? Tuna makuta ya dawa ya minyoo kwa mama na kwa watoto, kuanzia juma la pili? Tunaweza kuwalisha watoto majuma manane kabla ya kuwatoa? Tunajua nani atawachukua? Kama jibu moja ni hapana, basi tusizalishe. Jike afungiwe ndani siku zote za joto, karibu majuma matatu, au daktari amfunge kizazi.

Nawe mama unayenunua, usitazame masikio tu. Omba kumwona mama yake. Omba karatasi ya chanjo. Anayekuuzia akikasirika kwa swali hilo, rudi nyumbani na makuta yako.

Mtu anayeuza mtoto wa mbwa anapeleka kitu ndani ya nyumba ambamo watoto wa mwenzake wanalala. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Bei ya sindano moja ya mbwa ni ndogo sana mbele ya deni lile tuliloliona.

Jambo la mwisho. Kuna chupa za chanjo zinazotosha mbwa kumi, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi kesho. Kwa hiyo, kwenye mkutano wetu ujao, kila mama mwenye mbwa aseme ana wangapi. Tukifika kumi, tutamwita daktari wa mifugo pamoja na kugawana gharama. Wale wamama wawili wa avenyu ile wamekwisha kujiandikisha, jina moja chini ya lingine.