Maneno yaliyobaki baada ya jahazi kuondoka

Waswahili, ambao waliijua bahari kabla ya wengi kuijua, walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nilikwenda tezi na omo mwezi wa Mei mwaka jana, na ngama niliyoirejea haikuwa nyingine ila lugha hii ninayoandikia.

Nilikuwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa kongamano la wanaisimu. Shughuli ilipokwisha nilibakiwa na siku mbili kabla ya safari ya kurudi nyumbani. Siku ya kwanza nililipia matembezi ya kutwa moja: kundi la watu wanane, gari dogo mfano wa matatu zetu za abiria kumi na wanne, na kiongozi mmoja wa kutuonyesha majumba ya kifalme ya Sintra, kisha pwani ya Atlantiki hadi mji wa Cascais. Wenzangu walikuwa mke na mume wazee kutoka Kanada, mabinti watatu wa Kibrazili na vijana wawili Wajerumani. Kiongozi wetu alikuwa mwanamke kijana, msomi wa historia, mchangamfu wa maneno na asiyesoma chochote kwenye karatasi.

Sintra haifiki kilomita 30 kutoka Lisbon, lakini hewa yake ni nyingine kabisa. Ni mji wa milima, ukungu na misitu, na ndiyo sababu wafalme waliukimbilia wakati wa joto. Jumba kongwe lililo katikati ya mji hulitambua kwa mbali kwa dohani zake mbili nyeupe, kila moja ikiwa na urefu wa mita 33, zilizojengwa juu ya jiko la mfalme. Kabla ya mji huo kutwaliwa na Wakristo mwaka 1147, watawala Waislamu walikuwa na makao yao papo hapo. Kuta zimepambwa kwa vigae ambavyo Wareno huviita 'azulejo', neno walilolipata kwa Waarabu. Aidha, wana neno 'alcácer', ambalo ni ndugu wa toka nitoke wa 'kasri' yetu. Sukari kwao ni 'açúcar', zaituni ni 'azeitona', na Mreno anayetarajia jambo husema 'oxalá', tamko lililozaliwa na jina la Mungu wa Waislamu kama 'inshallah' yetu. Nilicheka peke yangu. Nimesafiri mbali hivi nikakutana na wajukuu wa babu mmoja!

Ndani ya jumba hilo mna chumba ambacho dari yake imechorwa ndege 136 wa jamii ya kunguru, kila mmoja akishika mdomoni maneno 'por bem', yaani 'kwa nia njema'. Masimulizi yasema kwamba Mfalme João wa Kwanza alifumaniwa na mkewe akimbusu kijakazi wa heshima, akajitetea kwa maneno hayo. Mabibi wa jumbani walipozidi kusengenya, mfalme akaamuru wachorwe ndege wapiga kelele kwa hesabu ya mabibi hao. Sote wanane tulifurahia kisa hicho.

Kisha tukaingia katika ukumbi uliojengwa na Mfalme Manuel wa Kwanza, aliyetawala tangu mwaka 1495 hadi 1521. Kubani kwake zimechorwa nembo za familia 72 za kikabaila. Kiongozi alituonyesha kwamba nembo moja haipo. Ilikuwa ya ukoo wa Távora, ambao ulishtakiwa kwa njama ya kumuua mfalme mwingine katika karne ya 18. Wakubwa wa ukoo huo waliuawa hadharani mwaka 1759, na nembo yao ikaondolewa. Tazama maajabu ya binadamu: waliodhani wameufuta ukoo ndio walioufanya ukumbukwe, kwa maana kila mgeni huonyeshwa lile pengo.

Kiongozi wetu akaendelea kueleza, sauti yake ikiwa na fahari, kwamba Manuel ndiye mfalme aliyemtuma Vasco da Gama baharini mwaka 1497, na kwamba utajiri wa ukumbi ule ulitokana na zama za uvumbuzi. Hapo ndipo isimu iliponiwasha. Kitenzi 'kuvumbua' hudai yambwa iliyofichika. Sasa Mombasa, iliyokuwa na sultani wake, nyumba zake za mawe na biashara yake na Bara Hindi, ilikuwa imefichika kwa nani? Na rubani aliyemvusha da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498 alikuwa akivumbua nini katika njia ambayo mabaharia wenzake waliizoea kama njia ya kisimani?

Nikamwuliza kwa adabu iwapo wageni huelezwa habari za Mombasa ya mwaka 1505. Alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba jina analijua ila kisa hakijui. Basi nikasimulia kwa ufupi: kwamba mwezi wa Agosti mwaka huo majeshi ya Francisco de Almeida, aliyetumwa na mfalme huyo huyo, yaliivamia Mombasa, yakaipora na kuitia moto, baada ya kuitwaa Kilwa mwezi uliotangulia, na kwamba mwaka 1528 Nuno da Cunha akaja akaichoma tena. Mzee wa Kanada akatazama saa yake. Binti mmoja wa Kibrazili akasema taratibu kwamba hata kwao visa vya namna hiyo havipungui.

Kiongozi hakukasirika. Alinigeukia akaniuliza: "Nanyi mnapowapeleka wanafunzi wenu katika ile ngome tuliyoijenga Mombasa, huwaambia nini?"

Msomaji wangu, swali hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikumbuka mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi wa shule ya upili kutoka bara, tulipofunga safari kwenda Pwani. Tulikuwa zaidi ya sitini katika basi moja, tukiimba usiku kucha. Tulipofika Fort Jesus tulipewa muda usiotosha hata kuzunguka boma. Mbele ya msafara mtu alitaja miaka kwa sauti, sisi wa nyuma tukapanda juu ya mizinga kupigwa picha. Kesho yake tulipelekwa magofu ya Gedi, tukasimuliwa habari za majini, tukanunua soda, tukarudi nyumbani tukiwa tumeona kila kitu pasi na kujua lolote.

Lau ningeweza kuwalaumu walimu wangu, ningepona. Lakini mimi mwenyewe, nikiwa mhadhiri, nimewapeleka wanafunzi huko mara mbili, na mara zote mbili niliwasomea vibao vya ukutani. Tena darasani nimetunga mtihani ambao wengi wenu mnaujua: 'Taja maneno kumi ya Kiswahili yenye asili ya Kireno.' Nao hutaja: meza, bendera, leso, mvinyo, kasha, foronya, parafujo, padri, nanasi, gereza. Alama kumi. Hakuna aulizaye maneno hayo yalishuka katika jahazi gani, wala yalipofika ufuoni nani alikuwa akilia.

Tulipotoka hapo tulipanda mlimani hadi jumba la Pena, lenye rangi nyekundu na manjano kama keki ya arusi. Lilijengwa katika karne ya 19 na Fernando wa Pili, mume wa Malkia Maria wa Pili, juu ya magofu ya makao ya watawa. Ni zuri, ila lilikuwa na watu wengi, na akili yangu ilikuwa imekwisha kuzama kwenye lile swali. Njia nzima ya kuelekea baharini nilikuwa nikiyapanga upya maneno yale kumi, safari hii si kama orodha bali kama ushahidi.

Gereza, kwa mfano. Asili yake ni 'igreja', maana yake kanisa. Wareno walijenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, na ndani yake wakaweka kanisa. Mswahili aliyekuwa nje ya kuta aliwasikia wakiita pahali hapo kwa jina hilo, lakini yeye hakuona ibada. Aliona kuta, mizinga na watu waliofungiwa. Neno likahama kutoka madhabahuni hadi ngomeni, na kutoka ngomeni hadi kifungoni. Waingereza nao wakaitumia ngome hiyo kama jela tangu mwaka 1895 hadi 1958, kana kwamba walitaka kuthibitisha kuwa Mswahili hakukosea.

Jina Ureno lenyewe latokana na 'reino', yaani ufalme. Wageni hao walijitambulisha kwa ufalme wao, nasi tukawaita kwa fahari yao wenyewe. Karatani tukachukua shupaza, kopa, uru na turufu, ishara kwamba katikati ya vita palikuwa na nyakati za kukaa kitako na kucheza. Wanawake wa Pwani, kwa mujibu wa mapokeo, walinunua vitambaa vya leso kabla havijakatwa, wakavishona pamoja, na leo leso ni vazi ambalo Mreno hawezi kudai kuwa ni lake. Neno 'pesa', ambalo wanafunzi hupenda kulitia katika orodha hiyo, si la Kireno. Limetoka kwa Wahindi.

Lakini lililonigusa zaidi ni yale yasiyokuwemo. Wareno walikuwa nguvu kubwa katika pwani yetu kwa takriban miaka 200, hadi Waomani walipoitwaa Fort Jesus mwezi wa Desemba mwaka 1698. Miaka yote hiyo imetuachia maneno machache, na karibu yote ni nomino: vitu vya mezani, vya melini, vya mchezo na vya kuvaa. Kiarabu, kwa upande wa pili, kimetupa hesabu kama sita, saba na tisa, na hata viunganishi kama 'lakini' na 'au'. Mtu hakopi kiunganishi kwa adui aliye nyuma ya ukuta. Hukikopa kwa jirani anayezungumza naye, anayeoana naye, anayesali naye. Maneno ya mkopo ni daftari la ujirani, na daftari hilo latuambia kwamba Mreno alikaa nasi muda mrefu pasipo kuishi nasi.

Alasiri tulifika Rasi ya Roca, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya. Ni jabali lenye kimo cha mita 140 hivi, upepo ukivuma kwa nguvu na mawimbi yakivunjika chini. Pana nguzo yenye maneno ya Camões, mshairi aliyechapisha utenzi wake mkuu mwaka 1572, ambamo Malindi yatajwa kama rafiki na Mombasa kama mji wa hila. Nilikumbuka nguzo nyingine, ile ya Vasco da Gama iliyoko Malindi, nikaona kwamba nimesimama kwenye upande wa pili wa kamba ile ile. Kutoka hapo tuliteremka hadi Cascais, kijiji cha wavuvi kilichogeuzwa makao ya kifalme ya kiangazi katika karne ya 19, tukala samaki wa kuchoma.

Tulipoagana, kiongozi aliniambia: "Leo umenipa kisa. Nami nitakupa kimoja." Akanielekeza kwenye jumba la makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon.

Kesho yake nilikwenda. Huko pana chombo cha ibada cha dhahabu, kilichokamilishwa mwaka 1506, ambacho hujulikana kama Custódia de Belém. Kiliagizwa na Mfalme Manuel, nacho kilifuliwa kwa dhahabu ya kodi ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuilipa mwaka 1502. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Ufundi wake hauelezeki. Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kwamba Kilwa ilianguka. Hakuna aliyeniambia kuwa kipande chake kingali kinang'aa katika sanduku la kioo.

Wenzangu walimu, sijasema haya ili tuwasute Wareno. Ukumbi wetu nao una mapengo. Ni mara ngapi tumewaeleza wanafunzi kwamba Sultani wa Malindi ndiye aliyekuwa mshirika wa Wareno dhidi ya Mombasa? Ni mara ngapi tumetaja watumwa waliopitishwa katika bandari zetu, ambao wengine wao waliuzwa na watu waliosema lugha hii tamu? Kiongozi yule alipoulizwa asilolijua alikiri, na alipolijua akatafuta la kunilipa. Sisi je?

Majumba tunayo, na pwani tunayo. Gedi, yenye jumba lake la kifalme, visima vyake na vyoo vyake vya mawe, ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Jumba la Mtwana, Mnarani, Takwa na Siyu zatungoja. Ila tusiende sitini kwa basi moja tukashinda njiani. Twendeni kwa makundi madogo, watu kumi au kumi na watano, ili kila mwanafunzi asikie na aweze kuuliza. Kila mmoja apewe neno moja kabla ya safari, alibebe hadi mahali lilipoanzia. Nao wanafunzi wasiogope kumwuliza kiongozi lile ambalo kibao hakikulisema.

Kwa upande wangu, nimelifuta lile swali la maneno kumi. Mtihani wa muhula huu una swali jipya: 'Neno gereza lilianzia kanisani likaishia kifungoni. Eleza safari yake, na useme nani alikuwa ndani ya kuta na nani alikuwa nje.' Mwanafunzi mmoja amekwisha kunijia ofisini kulalamika kwamba jibu lake haliko katika kitabu. Nimemwambia apande gari aende Mombasa.