Mpako wa Wagonjwa: Padre Aitwe Mapema



Wapendwa waamini, katika utume wetu wa kichungaji sisi mapadre hukutana na hali hii mara kwa mara: mgonjwa amelala wiki tatu, ndugu wamekusanyika kutoka mbali, Jumuiya imesali rozari nyumbani kwake kila jioni, lakini padre anaitwa usiku ule ambao mgonjwa hawezi tena kufumbua macho. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwa sauti ya chini kwamba walihofia kumkatisha tamaa. Kwa wengi, padre anayebisha hodi na mafuta matakatifu amekuja kutangaza kifo.

Hofu hiyo ina historia yake. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anaagiza kwamba aliye mgonjwa awaite wazee wa Kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Mgonjwa huyo angali na uwezo wa kuwaita yeye mwenyewe. Hata hivyo, kadiri karne zilivyopita, Sakramenti hii ilizidi kutolewa kwa wanaokaribia kukata roho tu, nayo ikaitwa Mpako wa Mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, namba 73, ulifundisha kuwa jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba wakati wa kuupokea umekwisha kuwadia mara mwamini anapoanza kuwa katika hatari ya kufa kwa ugonjwa au uzee. Anapoanza, si anapomalizikia.

Basi, aitiwe padre mwenye ugonjwa mzito, anayekwenda kupasuliwa kwa sababu ya ugonjwa wa hatari, na mzee aliyeishiwa nguvu hata kama hakuna ugonjwa uliotajwa na daktari. Mtoto naye hupakwa, ikiwa amefikia umri wa kutumia akili. Mafua ya kawaida hayahusiki. Aliyepona akaugua tena vikali aweza kupakwa tena, vivyo hivyo ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya katika ugonjwa uleule.

Mafuta hayo hubarikiwa na Askofu katika Misa ya Krisma, na anayeweza kuadhimisha Sakramenti hii ni padre au Askofu peke yake. Shemasi hawezi, wala katekista. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi chupa za mafuta huuzwa kwenye mikutano ya maombi pamoja na ahadi za miujiza, na baadhi ya waamini wetu huzichanganya na Sakramenti. Mpako wa Wagonjwa hauna bei. Humpa mgonjwa nguvu, amani na ujasiri, humuunganisha na mateso ya Kristo, humwondolea dhambi ikiwa hakuweza kuungama, na humrudishia afya ya mwili pale inapofaa kwa wokovu wake. Dawa za hospitali ziendelee kutumiwa.

Kinachopotea kwa kuchelewa ni kikubwa kuliko familia nyingi zinavyodhani. Mgonjwa mwenye fahamu aweza kuungama, akayatua yale aliyoyabeba miaka mingi, akapokea Ekaristi Takatifu, akaitikia sala kwa kinywa chake. Asiye na fahamu hupakwa pia, ikiwa inaaminika kwamba angeomba mwenyewe, lakini maungamo hayawezekani na mara nyingi Komunyo haiwezekani. Kukiwa na shaka kama amefariki au la, padre humpaka. Ikiwa ni hakika kwamba amefariki, hapakwi, kwa kuwa Sakramenti ni za walio hai, padre humwombea. Hapo ndipo baadhi ya wafiwa hunung'unika kwamba padre amewanyima haki yao, na maneno hayo huumiza pande zote mbili.

Mgonjwa akipelekwa hospitali ya rufaa, padre aitwe kabla ya gari kuondoka. Akiwa amekwisha kulazwa, waulizeni wauguzi kuhusu padre anayehudumia hospitali hiyo. Nyumbani andaeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Padre atakapoomba kubaki peke yake na mgonjwa kwa maungamo, tokeni chumbani, kisha rudini wote kusali pamoja naye.