Simu ya Ofisi Inapokataa Kukatika: Chanzo na Hatua za Kuchukua

Mkazi wa Rusimbi anapopiga simu ya mezani ya ofisi na kuikuta inatumika tangu asubuhi hadi jioni, hudhani kwamba wahudumu wamezidiwa na kazi. Mara nyingine hakuna anayezungumza. Mazungumzo yalikwisha zamani, lakini laini imebaki imeshikiliwa. Kwa ofisi yenye laini moja, hitilafu hiyo ni sawa na kufunga mlango saa za kazi: mzazi au mgonjwa hulazimika kupanda bodaboda kwenda kuuliza jambo ambalo lingejibiwa kwa dakika moja.

Laini hujuaje kuwa simu imekatwa?

Simu ya analogia huunganishwa na mtambo wa kampuni ya simu kwa nyaya mbili za shaba zinazobeba umeme wa volti 48 hivi. Mkono wa simu ukiwa umelazwa, njia ya umeme huwa imekatwa ndani ya kifaa. Ukiinuliwa, swichi iliyo chini yake huiunganisha njia hiyo, umeme hupita, na mtambo hutambua kwamba simu inatumika. Ukilazwa tena, umeme hukoma na laini huachiwa. Kwa hiyo kukata simu ni kukomesha umeme. Chochote kinachouruhusu uendelee kupita huifanya laini ionekane inatumika.

Uchunguzi ndani ya ofisi

Kwanza, ichunguzwe swichi ya simu yenyewe. Ibonyezwe kwa kidole na kuachiwa: ishuke na kupanda bila kukwama. Vumbi, au waya wa mkono uliojisokota ukauzuia usikae sawasawa, hutosha kuleta tatizo. Aidha, anayetaka kukata na kupiga tena aiache swichi chini kwa sekunde mbili au zaidi. Mguso mfupi huhesabiwa na mitambo mingi kuwa ombi la huduma nyingine, kama kuhamisha simu.

Pili, vichomolewe vifaa vyote vilivyo kwenye laini, pamoja na faksi na simu ya chumba cha pili. Baada ya dakika chache, namba ya ofisi ipigwe kwa simu ya mkononi. Ikiita, nyaya ni nzima. Vifaa virudishwe kimoja kimoja hadi chenye kasoro kijulikane. Ikiwa bado inatumika, tatizo liko kwenye nyaya za jengo au za nje, au kwenye mtambo.

Tatizo la nyaya hudhihirika zaidi wakati wa mvua, ambazo Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi karibu na Mei. Maji yakiingia kwenye viungio, umeme huvuja kutoka waya mmoja hadi mwingine, na mtambo hudhani mkono umeinuliwa. Mikwaruzo wakati wa mazungumzo, na hitilafu inayopungua jua likiwaka, ni dalili zake. Mtumishi asifungue viungio hivyo mwenyewe: umeme unaoliza kengele hufikia volti 90 hivi, na radi huweza kusafiri kwenye waya.

Ofisi zenye swichibodi

Swichibodi haimwoni aliyepiga akikata. Husubiri ishara kutoka kwenye mtambo. Ishara hiyo huweza kuwa umeme kukatika kwa muda mfupi, mwelekeo wake kugeuzwa, au mlio wa kutumika. Swichibodi ikiwa imepangwa kusubiri ishara nyingine, huendelea kuishikilia laini. Milio nayo hutofautiana: Marekani huchanganya masafa ya hezi 480 na 620, ilhali nchi nyingi za Ulaya hutumia 425. Mashine iliyopangwa kwa nchi moja huweza kuwa kiziwi katika nyingine.

Kuizima na kuiwasha huiachia laini kwa muda tu. Tiba ni fundi kuipanga ifuate ishara za mtambo wa hapa, kisha kuijaribu kwa simu zinazoingia na zinazotoka. Ikipangwa kuwa nyepesi mno, itawakatia watu simu katikati ya maneno.

Kutoa taarifa

Vifaa vikionekana vizima, ofisi itoe taarifa kwa kampuni inayotoa laini, kwa mfano TTCL. Itaje namba kamili pamoja na 028 ya mwanzo, saa tatizo linapotokea, na matokeo ya jaribio la kuchomoa vifaa. Maelezo hayo humwokolea fundi safari ya bure.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Ofisi yenye laini iliyokwama haisikii kengele, hivyo huenda isijue kwamba inatafutwa. Anayeikuta namba inatumika siku nzima anashauriwa kuiarifu ofisi hiyo kwa njia nyingine au kupitia mwenyekiti wa mtaa wake.