Pango kwa Kipimo cha Mtoto

Wenyeji wa Tanga wamepokea kwa wazee wao hadithi ya kwamba njia za chini ya ardhi za mapango ya Amboni, yaliyo kaskazini ya mji huo karibu na barabara iendayo Mombasa, hazina mwisho ujulikanao, na kwamba mbwa aliyepotelea humo zamani alionekana baadaye penye mlima Kilimanjaro. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walioyachunguza mwaka 1994 walikuta kwamba pango refu kuliko yote halizidi mita 900 hivi. Kwa mtu mzima mwenye afya hiyo ni safari fupi. Walakini kwa mtoto wa miaka minne, ambaye hatua yake ni nusu ya hatua ya baba yake, na ambaye kichwa chake humtangulia kila aangukapo, hata mita 100 za giza ni masafa ya kumtosha. Mzazi atakaye kumwonyesha mwanawe ajabu hii ya maumbile, jambo ambalo nalisifu kwa moyo wangu wote, sharti aipime safari kwa mwili wa mtoto, na aiache hamu yake mwenyewe nje ya mlango wa pango.

Ajabu yenyewe yafaa ielezwe kwanza mwangani, kabla ya kuingia, maana mtoto aliyekwisha kujua atakachokiona hushughulika kukitafuta wala hana wasaa wa kuogopa. Mvua inyeshapo hupenya katika udongo wenye majani yaliyooza na mizizi ipumuayo, ikachukua humo hewa ya ukaa, ikawa asidi dhaifu. Na asidi hiyo, kwa muda usiohesabika kwa vizazi vya watu, huliyeyusha jiwe la chokaa na kuchimba ndani yake vyumba na vichochoro. Kisha maji hayo hayo yadondokapo kutoka darini mwa pango huiachilia ile hewa, na chokaa iliyomo huganda tone juu ya tone, hata zikafanyika nguzo zining'iniazo juu na nguzo ziinukazo kutoka chini. Ukuaji wake ni wa polepole mno. Pengi hauzidi sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Mtoto akiambiwa kwamba nguzo yenye urefu wa mkono wake yaweza kuwa na umri wa maelfu ya miaka, na kwamba mafuta ya kiganja yakishika juu ya jiwe huzuia chokaa mpya isigande, ataelewa kwa nini ameagizwa kutazama bila ya kugusa.

Hiyo hewa ya ukaa iliyochimba pango ndiyo pia ya kujihadhari nayo. Katika hewa tuivutayo kila siku kiasi chake ni kama asilimia 0.04 tu, ikizidi asilimia 1 baadhi ya watu huanza kuhisi kichwa kizito, na ikifika asilimia 3 pumzi huenda mbio hata kwa mtu aliyeketi. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, yaweza kutuama katika mashimo na vyumba vya chini visivyopitiwa na upepo, na kimo cha mtoto humweka karibu na sakafu. Zaidi ya hayo mtoto wa miaka mitatu huvuta pumzi baina ya 20 na 30 kwa dakika, hali mtu mzima aliyetulia hutosheka na 12 hadi 20. Mapango yenye milango mipana na njia zilizozoeleka na wageni aghalabu hayana dhiki hiyo. Lakini mtoto akilalamika kuumwa na kichwa, au akihema naye hakukimbia, au akisinzia saa isiyo ya usingizi, jibu ni moja tu, kutoka nje mara hiyo. Wako waaminio kwamba mshumaa uwakao ni dalili ya usalama, na imani hiyo yaweza kuwaponza, kwa sababu mshumaa huzimika oksijeni ipunguapo, na hewa ya ukaa yaweza kumdhuru mtu wakati mwali ungali ukiwaka. Karabai, koroboi na mienge visiingizwe kabisa pamoja na watoto, kwani hula hewa njema na kutoa moshi wenye sumu.

Natua sasa kwenye mwili wenyewe. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Mtoto mdogo basi ana uzito mwingi juu kuliko chini, akijikwaa hutangulia kichwa, na jiwe la pangoni halina huruma. Kofia ngumu ni faradhi, iwe ya kipimo chake, yenye ukanda wa kidevuni uliokazwa barabara. Lakini mtoto ambaye shingo yake haijapata nguvu hawezi kuibeba kofia hiyo, wala hawezi kuingia bila yake. Desturi yetu ya kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko ni desturi njema popote penye anga, illa pangoni humweka mtoto mahali ambapo mama hamwoni. Mama huinama kulikwepa dari, na kichwa cha mtoto ndicho kikutanacho na dari hiyo. Kwa sababu hizi naona asiyetimiza miaka mitatu abaki nje na shangazi au nyanya yake, naye hatakuwa amekosa kitu ambacho angekikumbuka.

Joto la pango hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima la mahali lilipo. Mapango ya pwani yetu ni ya uvuguvugu na unyevu mwingi, ambamo jasho halikauki, na mtoto hupungukiwa na maji mwilini kabla hajasema ana kiu. Ya milimani, na yale ya Ulaya ambamo kipimajoto huonyesha nyuzi 10 au 12 hata wakati wa kiangazi, humpoza upesi, kwa kuwa ngozi ya mtoto ni nyingi kwa kulinganisha na uzito wake. Mtoto mwenye seli mundu apewe hadhari mara mbili, kwa sababu ubaridi na upungufu wa maji ndivyo vimwamshiavyo maumivu. Na mwenye pumu asiende bila dawa yake na idhini ya tabibu. Suruali ndefu, shati la mikono mirefu na viatu vilivyofunikwa vyenye nyayo za kushika utelezi vyatosha kwa mavazi. Malapa ni hatari.

Kuhusu giza, wazazi wengi hukosea kwa kudhani kwamba hofu ya mtoto ni utovu wa adabu. Jicho la mwanadamu huhitaji kama dakika 20 hadi 30 ili kulizoea giza sawasawa, na mtoto aliyetolewa katika jua la adhuhuri la Tanga akatumbukizwa ndani moja kwa moja huwa haoni kitu, basi ana haki ya kulia. Simameni karibu na mlango, mkae kitako, mzungumze, mpaka macho yafumbuke. Kila mtu awe na kurunzi yake, ile ifungwayo kichwani ili mikono ibaki huru, na mtu mzima achukue nyingine za akiba na betri mpya. Wazoefu wa mapango husema kila aingiaye awe na mianga mitatu. Mtoto akishika kurunzi yake mwenyewe hujiona mwenyeji, na hilo lamtuliza kuliko maneno matamu. Zimeni taa zote kwa muda mfupi ikiwa yeye mwenyewe ameridhia, mkiwa mmeshikana mikono, asiporidhia, msizime. Akisema anataka kutoka, atolewe bila kubembelezwa wala kuchekwa, maana mtoto aliyelazimishwa mara moja huchukia mapango maisha yake yote.

Sasa popo. Jambo hili nalitaka lisomwe kwa utulivu, kwa sababu limewafanya wengine wapuuze na wengine wahamaki kupita kiasi. Popo ni viumbe wenye manufaa makubwa. Wako walao wadudu kwa wingi kila usiku, na wale walao matunda hubeba chavua za mibuyu yetu. Lakini miili yao hustahimili vijidudu ambavyo miili yetu haivistahimili. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenishi wa miaka 15, aliyekuwa amezuru pango la Kitum katika mlima Elgon upande wa Kenya, alifariki kwa maradhi ya Marburg, yaletwayo na virusi. Na mwaka 2008 mtalii mmoja kutoka Uholanzi aliyekuwa ameingia katika pango la Python, msitu wa Maramagambo nchini Uganda, alifariki kwa maradhi hayo hayo. Wataalamu wamethibitisha kwamba hifadhi ya virusi hivyo ni popo wa Misri alaye matunda, ambaye hukaa mapangoni kwa maelfu, na kwamba popo wachanga wa umri wa miezi sita hivi ndio waambukizwao zaidi, kwa misimu miwili katika mwaka. Mkoa wa Kagera umeonja msiba huu mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Kwa wazuru wa mapango maradhi haya ni nadra mno, lakini ukali wake hauruhusu mzaha na mtoto: pango lenye makundi makubwa ya popo wa matunda si mahali pake, na katika pango jingine lolote mwongozaji aulizwe popo wamelala wapi, msipite chini yao.

Mavi ya popo nayo, yakikauka na kuchanganyika na udongo, huotesha kuvu ambayo mbegu zake, zikivutwa pamoja na vumbi, huleta homa, kikohozi na uchovu baada ya siku 3 hadi 17, maradhi yafananayo na kifua kikuu hata watu wakapewa dawa isiyowafaa. Watoto wachanga na wenye upungufu wa kinga huugua zaidi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mbegu hizo, na barakoa za wataalamu hazishiki vema juu ya uso mdogo; dawa ya penye vumbi la mavi ni kutopita. Watoto wasikalishwe juu ya vumbi kavu, ambamo papasi nao hujificha. Popo aliyeanguka asiokotwe, awe hai au mfu: mwaka 2009 popo mmoja wa mapango ya Shimoni, pwani ya Kenya, alikutwa na kirusi cha jamaa ya kichaa cha mbwa, na meno ya popo ni madogo hata alama yake yaweza isionekane. Mtoto aliyeumwa au kuparuzwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, akapelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

Maji pia. Tarehe 23 Juni 2018 wavulana 12 wa umri wa miaka 11 hadi 16 na kocha wao wa mpira waliingia pango la Tham Luang nchini Thailand kwa miguu yao wenyewe, na mvua iliyonyesha juu ya mlima ikaziba njia nyuma yao. Wa mwisho wao alitolewa tarehe 10 Julai, na mpiga mbizi Saman Kunan alikwisha kufa katika kazi ya kuwaokoa. Mvua ya kuogopwa yaweza kunyesha mbali na mlango, mahali msipopaona. Wakati wa masika safari hii iahirishwe, na siku yoyote ile mtu wa nje aachiwe habari ya saa mtakayorudi.

Mkitoka, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya mtoto kutia kitu chochote kinywani. Chakula na matunda yabaki nje muda wote, hata biskuti moja isiliwe ndani. Viatu visuguliwe, nguo zifuliwe peke yake, mtoto aogeshwe. Andikeni tarehe ya safari, kwa sababu maradhi ya Marburg huchukua siku 2 hadi 21 kujidhihirisha. Na mtoto akipatwa na homa katika muda huo, msiseme malaria kabla ya kupimwa, bali neno la kwanza la kumwambia tabibu liwe kwamba alikuwa pangoni.