Kina cha Kabati

Ukiagiza kabati kwa seremala, iwe Keko jijini Dar es Salaam au kando ya Ngong Road jijini Nairobi, utaulizwa unataka upana gani na urefu gani. Kuhusu kina, mara nyingi huulizwi, na wewe mwenyewe hukumbuki kukitaja. Kabati linakuja na kina cha futi 2, yaani kama sentimita 60. Kipimo hicho kimetokana na ubao. Karatasi moja ya plaiwudi au MDF ina futi 8 kwa 4. Fundi akiipasua katikati kwa urefu anapata vipande viwili vya futi 2, na hakuna kinachobaki sakafuni. Ni hesabu nzuri, na kwa nguo za kutundika ni kipimo sahihi kabisa, maana henga yenye shati au koti inataka sentimita 55 hadi 60 ili mlango ufungike bila kubana mabega ya nguo.

Shida inaanza pale kina hichohicho kinapopelekwa kwenye rafu za vyombo, za vitabu, za viatu na za nguo za kukunja. Sahani kubwa ya kulia ina kipenyo cha sentimita 26 au 27. Iweke kwenye rafu ya futi 2, nyuma yake inabaki nafasi ya sahani nyingine nzima, na nafasi ndani ya nyumba haikai tupu. Itajazwa birika la zawadi, kopo lililopoteza kifuniko, chupa ya chai iliyopasuka kioo cha ndani. Mwaka ukipita hakuna anayejua kilichomo huko nyuma, na mwenye nyumba ananunua mwiko mpya ilhali anayo miko mitatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa kitu cha mara moja kwa mwaka kuinama si neno. Kwa kitu cha kila siku ni adhabu. Nyumba nyingi ninazoitwa kuzipanga, wenyewe wakilalamika kwamba hazina nafasi, zinayo nafasi ya kutosha. Imefichwa tu nyuma ya vitu.

Pwani yetu ililitatua jambo hili zamani. Nenda Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ukaingie katika moja ya nyumba za mawe za karne ya 18. Iko nyumba iliyogeuzwa makumbusho, kwa hiyo si lazima umbishie hodi mtu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki ukuta hadi ukuta kwa zaidi ya mita 3 hivi. Katika chumba chembamba namna hiyo, fanicha kubwa ingekula njia. Wajenzi wakaamua kuutumia ukuta wenyewe, ambao ni mnene, wa mawe ya matumbawe na chokaa. Katika chumba cha faragha kuliko vyote, kile kinachoitwa ndani, wakaupamba kwa zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vilivyopigwa chokaa na kutiwa nakshi kwenye kingo. Humo zilikaa sahani na bakuli za Kichina na vitu vingine vya thamani. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba hizo, alieleza kwamba vyombo vile vilihesabiwa pia kuwa kinga dhidi ya jicho la husuda.

Simama mbele ya ukuta wa zidaka, uutazame kwa macho ya mtu anayetafuta bakuli. Kila kidaka kinapokea kitu kimoja, pengine viwili. Kina chake kinatosha chombo hicho na hakibakizi mahali pa kuficha kingine nyuma yake. Chokaa nyeupe inarudisha mwanga, hivyo hata chumba kikiwa na nuru haba, samawati ya bakuli inaonekana ukiwa mlangoni. Sijaona mpango wa nyumbani unaonipendeza kuliko huu, na ninachoupendea zaidi ni kwamba uzuri wake na urahisi wake vimetoka kwenye kipimo kimoja.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba pwani hiyohiyo imeyatukuza makasha, nayo yana kina kirefu. Ni kweli. Lakini lifungue kasha la Zanzibar, lile lenye misumari na mabamba ya shaba, ulichunguze. Mengi ya zamani yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, na baadaye mafundi wa huku nao wakayatengeneza. Chini, makasha mengi yana droo mbili au tatu zinazofunguka kwa mbele. Ndani, juu upande mmoja, kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko chake, na baadhi yana droo za siri zilizofichwa papo hapo. Fundi alijua kwamba kina kinameza, akakigawa. Nafasi kubwa iliyobaki katikati ikawa ya vitu vya kutolewa kwa nadra: nguo za arusi, vitambaa ambavyo havijakatwa, hati za nyumba. Hiyo ndiyo kazi halali ya kina kirefu, na ndiyo kazi inayofaa hata leo kwa uvungu wa kitanda, kwa sanduku la bati na kwa ule mfuko wa mistari tunaouita shangazi kaja.

Kwa hiyo ukienda kwa seremala, mpe kina chako kwa kinywa chako. Karatasi ileile ya futi 8 kwa 4 aipasue vipande vinne badala ya viwili, apate mbao nne za futi 1, sentimita 30, kasoro milimita chache zinazoliwa na msumeno. Kwa futi 2 ungepata kama mita 4.9 za rafu; kwa futi 1 unapata karibu mita 9.7, kwa ubao uleule. Sentimita 30 zinatosha sahani, sufuria nyingi za nyumbani, viatu, taulo na faili. Vitabu vinataka 25. Makopo ya viungo yanataka 12 au 15, yasimame safu moja, mdalasini usijifiche nyuma ya bizari. Ila usiache rafu ya MDF ya milimita 18 ipite sentimita 60 bila mhimili, kwa sababu ikibebeshwa vitabu itabonyea katikati, na ikishabonyea hainyooki tena.

Wapo wanaovutiwa na zidaka kiasi cha kutaka kuchimba ukuta wa nyumba yao. Nawasihi wasifanye hivyo. Ukuta wa tofali za inchi 5 au 6 haukujengwa kuchimbwa. Utaudhoofisha, na penye nyaya za umeme utajiletea hatari. Kama nyumba bado inajengwa, zungumza mapema na mchora ramani, akuwekee ukuta mnene pale unapotaka vishubaka. Kama imeshajengwa, rafu ya kina kifupi iliyopakwa rangi ya ukuta wenyewe itakupa sura inayokaribiana sana.

Kanga zinastahili maelezo yake, kwa kuwa nyumba nyingi za pwani zina doti nyingi kuliko sahani, na kwa kawaida zinarundikwa mpaka ya chini isahaulike. Kanga moja ina urefu wa kama mita 1.5 na upana wa kama mita 1.1. Ilaze uso chini, upande wenye jina uwe karibu nawe. Vuta upindo wa mbali uje hadi karibu na mstari wa jina, kisha rudia mara nyingine. Kunja theluthi ya kushoto iingie katikati, na ya kulia juu yake. Mwisho, chukua pindo la chini uliinue, ukikunja palepale penye maandishi. Ukiigeuza, jina limekaa mgongoni, na kina cha fungu zima ni sentimita 20 na kitu. Kanga mbili za doti ukizikunja pamoja zinapata unene wa kusimama. Zipange kwenye rafu ya futi 1 kama vitabu, majina yakitazama nje. Utaichagua ya msibani au ya kumpelekea wifi bila kuvuruga nyingine hata moja, na ukuta wako utakuwa na rangi ambayo hakuna duka la mapambo linaloweza kukuuzia.

Sasa hewa, ambayo kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja ni jambo zito kuliko urembo wote. Unyevu wa hewa pwani hukaa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu unaanzia hapohapo. Kabati lililogandamizwa kwenye ukuta wa nje, mgongo wake umefungwa kwa ubao mzima, linajitengenezea hali ya hewa yake: viatu vya ngozi vinaota weupe, nguo zinanuka uvundo. Liache liwe mbali na ukuta kwa sentimita 5. Lipe miguu ya sentimita 10 au zaidi, ufagio upite chini na mchwa wanaopanda kutoka sakafuni waonekane mapema. Milango ya vibao vya kulala, ile inayopitisha upepo, inafaa kuliko ya vioo. MDF ikilowa kingo huvimba, kwa hiyo jikoni na karibu na bafu ni heri ulipie mbao halisi. Na nguo iliyotoka kupigwa pasi ina mvuke bado. Iache ipoe nje kabla ya kuiingiza kabatini.

Bibi zetu walifukiza nguo udi, wakatia asumini au karafuu kati ya mikunjo. Ni desturi nzuri, nami naifuata, lakini kinachozuia ukungu ni ukavu: nguo kuanikwa juani mara kwa mara, kabati kufunguliwa siku ya upepo.

Vidonge vyeupe vya nafthalini ni habari nyingine. Watu huvitupa kila kabati kwa hofu ya nondo, ilhali mabuu wa nondo hula sufu, hariri na manyoya. Kanga na mashuka ya pamba si chakula chao. Lililo kubwa zaidi ni afya ya watoto wachanga. Nafthalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, hali ya kurithi iliyoenea sana katika maeneo ya malaria, yakiwemo ya kwetu. Mtoto anapata manjano, na manjano kali huweza kudhuru ubongo. Nguo za mtoto aliyetangulia, zilizohifadhiwa kumngoja mdogo wake, ndizo hasa hutiwa vidonge hivi. Tafadhali zitunze bila nafthalini kabisa: zifue, zianike juani mpaka zikauke vizuri, uzitie kwenye mfuko wa kitambaa.

Nafaka, kwa upande wake, inataka kinyume cha nguo. Mahindi na maharage, yakishakauka sawasawa, yafungwe pasipo hewa, ndiyo maana mifuko ya tabaka tatu imependwa sana vijijini: mifuko miwili ya plastiki ndani, mmoja wa kusukwa nje, na dumuzi wanakufa kwa kukosa oksijeni. Chakula kilichopikwa kilikuwa na susu, kamba zilizosukwa zikaning'inizwa darini, chungu kikakaa hewani mbali na panya na sisimizi. Nimeanza kuona susu zikirudi majikoni, zimebeba vitunguu na ndizi, nami nafurahi sana, kwa sababu hazili hata inchi moja ya rafu.

Kuna gharama moja ya rafu za kina kifupi ambayo sitaki ikupite. Kabati la kina cha futi 2 kwa kawaida husimama lenyewe. La futi 1, likiwa refu kuliko mtoto na limejaa, linaweza kumwangukia akilipanda kufuata kitu cha juu. Hata ukiliachia zile sentimita 5 za hewa, lifunge ukutani kwa vyuma vya kona na skrubu zilizoingia kwenye plagi, angalau sehemu mbili za juu, na vitu vizito, sufuria za shughuli na vitabu vikubwa, vikae rafu ya chini. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, basi rafu yako isipite urefu wa kiuno chako, na juu yake weka taa.