Redio koli ya gari: ina madhara gani?

Umesimama stendi ya Same, unasubiri gari la kupanda Chome. Mara linatokea gari la askari wa wanyamapori wa Mkomazi, linasimama karibu nawe. Juu ya paa kuna antena ndefu. Dereva anashika maiki, anabonyeza, anaongea. Rafiki yako anakuvuta mkono: "Toka hapo, hilo dude linamaliza uzazi!"

Je, ni kweli?

Tuanze na mionzi yenyewe. Ile ya eksirei inaweza kuharibu chembechembe za urithi. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo. Yakiwa makali sana hupasha mwili joto, kama jiko la maikrowevu linavyopasha wali. Sehemu ambazo damu haiwezi kuzipoza haraka ndizo huumia kwanza: macho na, kwa wavulana, korodani. Kwa hiyo rafiki yako hajabuni kila kitu. Alichosahau ni kipimo.

Redio ya mkononi hutoa kama wati 5, ya kwenye gari wati 25 hadi 50. Lakini mawimbi hutoka kwenye antena, tena pale tu dereva anapobonyeza kuongea. Akiwa anasikiliza, hayatoki. Na ukiongeza umbali mara mbili, ukali wake hushuka hadi robo. Mara tatu, hadi sehemu moja ya tisa. Wewe uliyesimama mita tatu pembeni, endelea kula karanga zako.

Wa kuangaliwa ni utingo aliyepanda kwenye keria kufunga mizigo, uso wake umekaribia antena, wakati dereva anapiga soga na kituo. Akiigusa anaweza kuungua ngozi. Dereva asibonyeze mpaka mtu huyo ashuke, au awe mbali na antena angalau mita moja. Walioketi ndani hukingwa na paa la bati, hasa antena ikiwa katikati yake.

Na saratani? Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliyaweka mawimbi haya katika kundi la "huenda yanasababisha". Maana yake ushahidi ulikuwa mdogo, haujathibitisha.

Ukipewa redio ya mkononi, iweke sentimita chache kutoka mdomoni, antena isiguse uso. Ikiwa antena imevunjika au imechubuka, usibonyeze. Irudishe kwa fundi.